Kabla ya Kuuza Nyumba: Ukuta Tuupake Rangi Gani?

Mama mmoja wa Manzese ametuandikia barua. Mumewe amefariki, mirathi imekwisha kufunguliwa mahakamani, na yeye pamoja na watoto wamekubaliana kuiuza nyumba yao iliyoko upande wa Midizini, kila mtu apate haki yake, naye ajisitiri katika nyumba ndogo huko Kibaha. Dalali amekwisha kuja mara mbili. Mara ya kwanza aliisifu nyumba sana. Mara ya pili alisema nyumba imechakaa, na kwamba isipopakwa rangi bei itaanguka. "Naomba mnieleze," anaandika mama huyu, "nipake rangi gani ili nyumba yetu isichukuliwe kwa bei ya kutupa? Akiba yangu ni ndogo, na kitinda mimba wangu anasubiri fedha hizi aingie chuo."

Hatulitaji jina lake, kwani ndivyo alivyoomba. Lakini tunajua swali hili si lake peke yake. Akina mama wengi wa Tandale, Mburahati, Buguruni na Temeke wamo katika hali hiyo hiyo, wakiuza nyumba za wazazi au nyumba walizojenga na waume zao kidogo kidogo, tofali kwa tofali. Kwa hiyo tunajibu hapa, wasikie wote.

Mama, kabla ya kuuliza rangi gani, jiulize kwanza mnunuzi ni nani.

Manzese si mahali pa jana. Ulikuwa mji uliojijenga wenyewe bila kupimwa, na katika miaka ya 1970, badala ya kuubomoa, serikali kwa msaada wa Benki ya Dunia iliamua kuuboresha kwa kuingiza barabara, maji na taa. Nyumba zikabaki, watu wakabaki. Leo Barabara ya Morogoro inapita mbele yake, na tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yanapita hapo kutoka Kimara hadi Kivukoni. Kwa sababu hiyo kuna wanunuzi wa namna mbili. Wa kwanza anataka kiwanja. Huyo atabomoa, ajenge fremu za maduka au nyumba ya wageni ya ghorofa. Wa pili anataka nyumba, aidha aishi na watu wake au apangishe vyumba.

Utawatambua kwa urahisi. Wa kwanza akija hupima uwanja kwa hatua, huuliza gari linafika wapi, huinua macho kutazama nyaya za umeme, na vyumbani haingii. Ukimwonyesha chumba huitikia "sawa, sawa" akiwa tayari amegeuka. Ikiwa wote wanaokuja ni wa namna hiyo, basi fedha ya rangi ibaki nayo, mama. Fagia, ondoa vyuma chakavu na ndoo zilizopasuka uani, baki hapo hapo. Hakuna anayelipia rangi ya ukuta atakaouvunja.

Wa pili hufungua milango. Huingia chumba kwa chumba, hugusa ukuta kwa kiganja, hutazama dari, hunusa. Kwa mtu huyu rangi inasema neno, na neno lenyewe huwa limekwisha kusemwa kabla hajafika uani.

NYUMBA YETU INA KIZA

Nyumba nyingi za Manzese ni zile tunazoziita nyumba za Kiswahili. Mbele pana baraza, katikati unapita ukumbi mrefu au korido, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha unatokea uani kwenye jiko, bafu na choo. Nyumba hii imepangwa kwa akili sana. Udhaifu wake mkubwa ni mwanga. Zamani palikuwa na nafasi kati ya nyumba na nyumba. Siku hizi jirani amejenga mpaka dirisha la chumba linatazama ukuta wake kwa umbali wa mkono. Korido haina dirisha kabisa. Mlango wa mbele na wa uani ukifungwa, ni usiku saa sita mchana.

Hapo ndipo rangi inapofanya kazi. Ukuta mweupe safi hurudisha chumbani zaidi ya robo tatu ya mwanga unaoupiga. Ukuta wa damu ya mzee, au wa bluu iliyokolea, hurudisha sehemu ndogo tu, mwingine unaumeza. Kwa hiyo chumba kile kile, chenye dirisha lile lile, kitaonekana kipana au chembamba kwa sababu ya rangi tu. Mnunuzi hatajua kwa nini. Atasema tu, "hiki chumba kizuri," au atasema "hewa hakuna," hata kama hewa ipo.

Basi jibu letu la kwanza ni hili: rangi za mwanga, na zisizidi mbili kwa nyumba nzima. Vyumbani tumia krimu, au nyeupe iliyochanganywa kidogo hata ikafanana na maziwa mabichi. Nyeupe tupu haina ubaya, lakini chini ya taa hizi nyeupe za siku hizi inakuwa kali kama zahanati, na kila alama ya kidole inaonekana. Dari, kama ipo, iwe nyeupe tupu, kwa sababu mwanga wa dirishani hupiga sakafu kisha hupanda juu.

Rangi moja vyumba vyote ina faida nyingine ambayo mafundi hawakuelezi. Ndoo moja ikibaki nusu, inaendelea chumba cha pili. Hakuna masalio ya makopo sita ya rangi sita. Na mtu akisimama koridoni milango ikiwa wazi, jicho linapita bila kukwama, nyumba inaonekana kubwa.

Koridoni tunashauri mtindo wa zamani wa shule na hospitali, ambao wengi mmeuona: chini, mpaka kama mita moja kutoka sakafuni, rangi ya mafuta, juu, rangi ya maji. Watu huucheka mtindo huu wakidhani umepitwa na wakati. Sisi tunaona haujapata mwenzake. Koridoni ndimo zinamopita ndoo za maji, magunia ya mkaa, baiskeli na mabega ya watoto watokao shule. Rangi ya mafuta unaipitishia kitambaa chenye sabuni, imekwisha. Ila isiwe ile ya kahawia iliyokolea tuliyozoea. Chukua kijivu chepesi au rangi ya mchanga, na juu yake krimu ile ile ya vyumbani.

Bafuni na chooni, kama kuta zina plasta lakini hazina vigae, nyeupe inatosha; watu wanataka kuona usafi. Milango ya mbao ipake rangi moja yote. Utashangaa jinsi milango sita yenye rangi sita inavyoifanya nyumba ionekane kama ya watu waliogombana.

Tunajua kuna dada zetu watakaosema hizi ni rangi za kupoza, hazina uhai. Ni kweli. Nyumba unayoishi ipake rangi uipendayo, hata zambarau, hakuna wa kukuuliza. Nyumba inayouzwa imekwisha kuanza kuwa ya mtu mwingine, na mtu huyo humjui. Hapa Dar es Salaam rangi zina wenyewe. Sebule ya kijani na njano, mgeni atasema hapa ni kwa Yanga, au atasema hapa ni kwa chama. Nyekundu na nyeupe, ni Simba. Klabu hizi zipo tangu miaka ya 1930, na hatudhani mama utaweza kuzipatanisha kwa kopo la rangi. Hatusemi mtu ataacha kununua nyumba kwa sababu ya mpira. Tunasema tu kwamba ataanza kuhesabu gharama ya kupaka upya, na hesabu hiyo ataitoa kwenye bei yako.

Wenzetu wa Marekani wamelifanya jambo hili kuwa elimu. Mwaka 2018 kampuni ya Zillow, inayoshughulika na habari za nyumba zinazouzwa huko, ilichambua picha za nyumba nyingi ikasema zenye mlango wa mbele mweusi au wa kijivu cha mkaa ziliuzwa kwa dola 6,271 zaidi ya ilivyotegemewa. Tumeitaja kwa sababu habari za namna hii husambaa sana kwenye simu, na mtu asije akapaka mlango mweusi Manzese akingoja dola. Huko nyumba husimama peke yake kwenye majani, na mnunuzi huiona kwanza kwenye picha. Kwetu mnunuzi hufika kwa miguu nyuma ya dalali, akiruka mtaro.

WAPANGAJI WASISAHAULIWE

Vyumba vyako, mama, bila shaka vina wapangaji, na kila mpangaji amepaka chumba chake alivyopenda. Mmoja pinki, mwingine bluu ya bahari, wa tatu amebandika karatasi za maua. Usiwaamshe asubuhi moja na fundi mlangoni. Waite, waeleze kwamba nyumba inauzwa, kwani watasikia tu kwa dalali, na heri wasikie kwako. Pakeni chumba kimoja kwa siku, vitu vikitolewa uani asubuhi na kurudishwa jioni. Rangi ya maji hukauka kwa kugusa ndani ya saa chache siku ya jua. Anayetaka kupangisha hufurahi kuona vyumba vina watu waungwana wanaolipa kodi. Usiwafukuze kwa ajili ya kupendezesha macho. Mpangaji mwenye kinyongo naye anajua kusema na mnunuzi pembeni.

Sasa hesabu. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, ukuta ukiwa laini. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye urefu wa mita 2.7 kwenda juu, kina ukuta wa mita za mraba 32 na kidogo. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 29. Mikono miwili ni 58, yaani lita 6 hivi. Vyumba sita ni lita 36. Korido ya mita 10, sehemu ya juu, ni kama lita 6 nyingine. Hivyo ndoo mbili za lita 20 na kopo moja la lita 4 zingetosha nyumba nzima kama kuta zote ni laini, na ukuta wa plasta mbaya utakula ndoo ya tatu. Kwa ile mita moja ya chini ya korido, kopo la lita 4 la rangi ya mafuta linatosha. Fundi akikuambia ndoo saba, mwombe apige hesabu mbele yako.

Rangi nunua wewe au mwanao, duka mkalijue, ndoo iwe na kifuniko kisichofunguliwa na alama ya ubora ya TBS. Rangi za kupimiwa kwenye chupa ziache. Tena kaa karibu fundi anapoichanganya. Maji yakizidi kipimo kilichoandikwa kwenye ndoo, rangi inaenda mbali kweli, lakini baada ya miezi mitatu unaona tofali kwa ndani.

Kabla ya kununua hata ndoo moja, nunua kopo dogo. Paka kipande cha nusu mita karibu na dirisha, na kingine kwenye pembe yenye kiza kuliko zote. Tazama asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka. Krimu iliyo nzuri dukani chini ya jua la Kariakoo inaweza kuwa njano ya ugonjwa kwenye korido ya Manzese.

UKUTA WENYE MAJI

Tumefika mahali ambapo tungependa kukaa kidogo, kwa sababu barua ya mama huyu ina sentensi moja aliyoiandika kama kwa kupita tu. Anasema fundi amemwahidi kwamba kwenye kile chumba cha nyuma, "kinachotoa jasho wakati wa masika," atapiga rangi nzito ya mafuta na "hakuna atakayejua".

Mama, usifanye hivyo. Tutaeleza sababu, na tutaanza na ya ukuta wenyewe.

Nyumba nyingi za Manzese zilijengwa bila kuwekewa kizuizi cha unyevu juu ya msingi. Maji ya ardhini hupanda kwenye tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Mtaani kwetu hali imezidi kwa sababu vichochoro vimepandishwa kwa kifusi mwaka hadi mwaka, mpaka sakafu za nyumba za zamani ziko chini ya njia. Maji yale yanabeba chumvi ya udongo na ya mchanga uliotumika kujengea. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi inabaki, nyeupe kama unga. Ukifunika ukuta huo kwa rangi ya mafuta, maji hayapati pa kutokea. Yatasukuma. Rangi itavimba malengelenge, itabanduka kwa vipande, na pengine plasta yote itafuata. Rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye maji haifichi muda mrefu. Inaahirisha kwa miezi michache, halafu inatangaza.

Sasa fikiri na kalenda. Mnapaka Januari au Februari, jua kali, ukuta umekauka, chumba kinang'aa. Mnunuzi anakuja, anapenda, mnaandikiana mbele ya serikali ya mtaa. Lakini mtaani kwetu wanaolipa fedha yote siku moja ni wachache. Hulipwa kwa awamu: nusu leo, robo baada ya miezi mitatu, robo iliyobaki mwisho wa mwaka. Machi masika yanaanza. Aprili chumba cha nyuma kinatoa jasho. Mei rangi imebanduka. Awamu ya pili inatakiwa Mei ile ile. Je, mnunuzi ataileta? Atakuja mikono mitupu, ameleta na shahidi, akisema mlimficha. Na wewe tayari umeweka msingi Kibaha, na mtoto amekwisha kupokelewa chuoni. Mjane mwenye kesi ya nyumba ni mtu mnyonge sana, hata akiwa na haki. Asipokuwa na haki hatuna la kumsaidia.

Msomaji wa Biblia anayetaka kuona jinsi jambo hili lilivyo la kale, asome sura ya 14 ya Mambo ya Walawi. Humo kuhani anaitwa kutazama nyumba ambayo kuta zake zimepata madoa ya kijani au mekundu, anaifunga siku saba, kisha anarudi kutazama kama yameenea. Mawe mabaya yanatolewa na ukuta kupigwa plasta mpya, na madoa yakirudi, nyumba inabomolewa. Hakuna mahali ambapo mwenye nyumba anaruhusiwa kupaka juu yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza pima. Chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache usiku na mchana. Ukikuta matone kwa ndani, upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Matone yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumba, tatizo ni hewa tu, na dirisha likifunguliwa litapungua.

Kisha tafuta chanzo. Aghalabu si kigeni: tundu la msumari kwenye bati, maji ya paa yanayodondoka chini ya ukuta kwa sababu hakuna mfereji, udongo uliorundikwa nje juu ya usawa wa sakafu, au maji ya bafu la uani yanayotuama nyuma ya chumba. Kijana mmoja mwenye jembe, kwa kazi ya siku mbili, ataondoa udongo na kuchimba mfereji kwa fedha ndogo kuliko ndoo moja ya rangi. Kazi hiyo ndiyo tungeilipia kwanza, hata kama rangi isingepakwa kabisa.

Penye ukungu mweusi, sugua kwa jiki iliyochanganywa na maji mara tatu yake, dirisha likiwa wazi, wala usichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, kwani hewa yake inaweza kuwa sumu. Plasta iliyooza ibanduliwe, ipigwe mpya, na iachwe wiki nne ikauke. Saruji mbichi huunguza rangi. Kisha paka chokaa ya kawaida. Ndiyo, chokaa, ile ya bibi zetu. Chokaa inaacha ukuta upumue, na ukungu hauipendi. Ubaya wake ni kwamba inachafua nguo ukiegemea. Chumba cha nyuma kikiwa na chokaa safi, na wewe ukamwambia mnunuzi, "Hapa masika huwa pana unyevu, tumechimba mfereji huu, tazama," hutapoteza mnunuzi wa kweli. Atakupunguzia kidogo. Lakini kilichopunguzwa kabla ya kuandikiana hakina ugomvi, na awamu zinazofuata zitakuja.

Nyufa nazo ni hivyo hivyo. Ufa mwembamba kama unywele, ziba, paka, usiwe na wasiwasi. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, unaoingiza shilingi, mwite fundi mwashi autazame kwanza, na mnunuzi aoneshwe.

Wako wanaosema mnunuzi ana macho yake, atazame mwenyewe. Hatukubaliani nao. Hata katika nchi ambako biashara ni biashara, sheria imeona haitoshi. Marekani ilipiga marufuku rangi zenye madini ya risasi majumbani mwaka 1978, na mwaka 1992 ikapitisha sheria kwamba anayeuza nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 lazima amwambie mnunuzi analolijua kuhusu rangi hiyo.

Na hilo la risasi linatuhusu pia. Rangi za mafuta za zamani, hasa za njano, nyekundu na kijani kali, mara nyingi zilitiwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, kwa kuwa inaharibu ubongo unaokua. Rangi ikikaa ukutani bila kubanduka haidhuru sana. Hatari ni vumbi lake. Kwa hiyo fundi asikwangue rangi kuukuu kwa msasa mkavu. Ukuta uloweshwe kwanza, watoto na wajawazito wasiwepo, vyombo na chakula vitolewe, na sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe. Vumbi lisimwagwe uani wanapochezea watoto.

Neno moja kuhusu ukuta uliokwisha kupakwa chokaa miaka mingi, tabaka juu ya tabaka. Usipake rangi ya maji juu yake moja kwa moja. Itashika chokaa, na chokaa haijashika ukuta, hivyo zitaanguka pamoja. Kwangua kwanza mpaka mkono ukipita usitoke na unga. Na penye moshi wa jiko, osha kwa maji ya sabuni kabla ya kupaka, kwani masizi hupenya na kutokeza tena madoa ya rangi ya chai.

Tumalizie na karatasi, maana karatasi huuza nyumba kuliko rangi. Leseni ya makazi au hati iwe mkononi, barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi iwepo, na warithi wote wawe wamesaini. Kwa akina mama ambao waume zao wako hai, kumbukeni kwamba kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe, na mke vivyo hivyo kwa mumewe. Wengine wameona fundi rangi anaingia ndani, wakadhani ni mapenzi yamerudi, kumbe nyumba ina mnunuzi.

Rangi itakayobaki usiitupe wala usimpe fundi. Itie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, andika juu yake ni ya korido au ya vyumba. Siku ya kuhama makabati yatakwaruza ukuta, hasa kwenye kona ya kutokea uani, na utahitaji kikombe kimoja cha kuziba alama. Kinachobaki mwachie mwenye nyumba mpya.